Shajara ya mradi: kuchagua springi za pikapu la kazi, Lubumbashi

Mei

Gari ni Land Cruiser 79 ya kabati moja, injini 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, usukani kushoto. Kazi yake ni kubeba timu yetu ya kukarabati pampu za visima. Nyuma kuna jenereta, winchi ya kuvutia mabomba, masanduku ya vifaa na pipa la maji, na juu ya hivyo vyote hupakiwa mabomba na pampu za wateja. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi tunakwenda kwa lami. Tukishaiacha lami na kushika njia ya kaskazini kuelekea Mitwaba, hapo ndipo springi zinapoanza kulia.

Hali yake kwa sasa: mkia umelala, taa za mbele usiku zinamulika matawi ya miti badala ya barabara, na kila shimo ekseli ya nyuma inapanda mpaka inagonga raba ya kikomo iliyo chini ya chesisi. Raba ya kushoto imeshapasuka. Nilijilaza chini na tochi nikaona mahali inapogongea: rangi imebanduka, chuma kimekuwa cheupe, na ukingo wa bamba umeanza kubonyea kidogo. Hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi. Gari linaweza kuvumilia springi mbovu kwa muda, lakini chesisi ikipasuka katikati ya pori, kazi imekwisha na watu wako hatarini.

Kila mmoja kwenye timu ana jibu lake. Mwenzangu wa hesabu anataka shokapu mpya, kwa sababu ndizo rahisi kununua. Dereva anataka gari lipandishwe juu, kama yale anayoyaona kwenye migodi. Fundi wetu wa Kampemba aliingia chini, akagonga mabamba ya springi kwa nyundo ndogo, akatoka akijifuta mikono: "Yaya, resore njo zilichoka. Amortisere zinakufa juu ya ile." Yaani springi ndizo zilizochoka, na shokapu zinakufa kwa sababu hiyo.

Nadhani fundi ana haki. Ila springi mpya huchaguliwa kwa uzito, na sisi uzito wa gari letu hatuujui. Tunaukisia tu. Kwa hiyo hakuna kitakachonunuliwa kabla ya kwenda mizani.

Bado Mei

Tumekwenda kwenye mizani ya malori ya ghala moja la mahindi. Msimamizi alituruhusu asubuhi kabla malori hayajapanga foleni. Kupima gari zima hakutoshi. Unapandisha magurudumu ya mbele peke yake, unasoma. Unapandisha yote manne, unasoma. Kisha unasogea mbele ili ya nyuma peke yake yabaki juu ya mizani, unasoma tena. Namba ya mbele na ya nyuma zikijumlishwa zinapaswa kukaribiana na ile ya gari zima. Zikipishana sana, basi gari halikusimama sawa au sakafu ya mizani haiko usawa na ardhi.

Tulipima hali tatu. Gari tupu kabisa: mbele kilo 1,180, nyuma 900. Gari likiwa na vifaa visivyoshuka kamwe, yaani jenereta, winchi, masanduku na pipa: mbele 1,170, nyuma 1,350. Gari likiwa limepakia kila kitu pamoja na mabomba ya mteja: mbele 1,210, nyuma 1,840. Jumla ya mwisho iko chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kibamba cha gari, lakini kwa nafasi ndogo.

Ukiangalia hizo namba vizuri, kuna mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, gari letu haliwi tupu hata siku moja. Hata tunaporudi nyumbani baada ya kushusha mabomba, nyuma bado iko 1,350. Kwa hiyo ile hali ya "tupu" ambayo wauzaji wanaianzia hesabu si yetu. Kwetu hesabu inaanzia kwenye vifaa vya kudumu, na inapanda kilo 490 tu mpaka mzigo kamili. Hili ndilo litakaloamua springi gani tununue, na nilitamani ningekuwa na karatasi hii mkononi kila nilipokuwa nikiongea na muuzaji.

La pili, tulipoweka vifaa, ekseli ya mbele ilipungua kutoka 1,180 hadi 1,170. Mzigo umeongezeka lakini mbele kumekuwa kwepesi! Maana yake vifaa vizito vimekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, vinainua pua ya gari. Ni jenereta. Iko mwisho kabisa wa bodi, karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu huko ni rahisi kuivuta kamba.

Juni, mwanzo

Kabla ya kutoa hata dola moja, tumehamisha jenereta. Ina kilo 180. Tumeisogeza mbele sentimita 90, mpaka karibu na ukuta wa kabati. Umbali kati ya ekseli mbili za gari hili ni milimita 3,180. Hesabu ni rahisi: 180 mara 900, gawanya kwa 3,180, unapata kama kilo 51. Hizo zinatoka nyuma na kwenda mbele bila kununua kitu chochote.

Tulirudi mizani na namba zikakubali: na vifaa vya kudumu, mbele 1,220 na nyuma 1,300, na mzigo kamili, mbele 1,260 na nyuma 1,790. Dereva mwenyewe amesema usukani umekuwa mzito kidogo na gari halitangitangi tena kwenye lami. Pua imeshika barabara.

Yeyote mwenye pikapu ya kazi ningemwomba aanze hapa. Angalia kitu kizito kuliko vyote kiko wapi. Kama kiko nyuma ya ekseli, kihamishe kwanza, ndipo uongee habari za springi.

Juni

Leo ni siku ya futi. Kwenye kila hali tumepima kimo kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Gari tupu: milimita 555. Na vifaa vya kudumu: 500. Na mzigo kamili: 440. Kwenye mzigo kamili, nafasi iliyobaki kati ya ekseli na raba ya kikomo ni milimita 25. Upana wa vidole viwili hivi. Kwenye barabara ya mashimo hiyo si nafasi.

Sasa ugumu wa springi zilizopo unaweza kujulikana bila maabara. Katika kilo 1,300 za nyuma, kama 260 ni ekseli yenyewe, magurudumu, breki na sehemu ya springi. Hizo hazibebwi na springi. Zinabaki 1,040, nusu kila upande, yaani 520. Kwa mzigo kamili, 1,790 kutoa 260 ni 1,530, kila upande 765. Tofauti ni kilo 245 kwa kila springi, na gari limeshuka milimita 60. Gawanya: kama kilo 4.1 kwa kila milimita moja. Kutoka tupu hadi vifaa vya kudumu inatoka kama 3.6. Inaongezeka kwa sababu mabamba mazito ya chini yanaanza kufanya kazi gari linaposhuka.

Tunachokihitaji sasa kinaonekana. Gari likiwa na vifaa vya kudumu, lisimame kama milimita 50 juu ya lilivyo leo. Likipakia kamili, lishuke 45 badala ya 60. Kilo 245 gawanya kwa 45 ni kama 5.4. Basi tunatafuta springi ya nyuma yenye ugumu wa karibu kilo 5.5 kwa milimita, iliyokunjwa kwa ajili ya mzigo wa kudumu wa kilo mia tatu na zaidi. Hii ndiyo sentensi nitakayompelekea muuzaji. Si "nataka springi ngumu".

Juni, mwisho

Tumepitia njia zote, moja moja.

Mzee mmoja wa springi kule Katuba, mwenye mikono ya kazi hii tangu ujana wake, alipendekeza njia ya hapa hapa: "Papa, leta tuongeze lamu mbili, tukunje na zile za zamani, itasimama." Lamu ni bamba la springi. Namheshimu. Nimeona malori mengi ya mjini yanayotembea kwa kazi yake, na kwa gari la kubeba mchanga ndani ya Lubumbashi ningemkubalia bila kusita. Shida ni mabamba ya zamani. Chuma cha springi kinapata nguvu yake kiwandani, kwa kupashwa moto, kuzimwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Ukikikunja kikiwa baridi kwa nyundo, umbo linarudi lakini uchovu wa ndani unabaki, na baada ya muda kinalala tena. Tena kila alama ya nyundo ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Na kuongeza lamu juu ya springi iliyochoka kunalifanya bamba jipya libebe kazi ya wenzake wote. Tunapokwenda sisi, bamba kuu likikatika ekseli inaondoka mahali pake.

Mifuko ya upepo, inayowekwa kati ya ekseli na chesisi, ilimvutia mwenzangu sana. Unapandisha upepo ukipakia, unaushusha ukishusha. Kwa mtu ambaye siku tano gari lake ni tupu na siku mbili limejaa, ni suluhisho zuri. Ila springi ya bamba inapeleka uzito kwenye chesisi kwenye ncha zake mbili, mbele na nyuma, mbali na ekseli. Mfuko unaupeleka pale pale juu ya ekseli, mahali pamoja. Ukijaza mfuko sana ili kuinua mkia uliolala, ukaweka mzigo nyuma ya ekseli, halafu ukaingia kwenye mashimo, chesisi inakunjwa juu ya nukta hiyo moja. Pikapu nyingi duniani zimepinda mgongo kwa namna hiyo. Na chesisi yetu imeshapigwa na raba pale pale. Hapana.

Kuna springi za parabola, zenye mabamba machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, yanayogusana katikati na mwishoni tu. Hazisuguani, kwa hiyo zinanesa kwa ulaini ambao springi ya kawaida haiwezi kuupata, na matope mekundu hayakwami kati ya mabamba. Nilizipenda kwa dhati. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba mabamba yakiwa mawili au matatu tu, moja likikatika umepoteza sehemu kubwa ya springi, na kwa njia ya Mitwaba hakuna fundi mwenye bamba la kuazima. Springi ya kawaida yenye mabamba mengi ikipoteza moja, unaifunga kwa waya na kurudi polepole.

Vipande vya chuma vya kuinulia, na viungo virefu vya kuning'inizia springi, havikujadiliwa. Vinainua bodi, haviongezi nguvu hata kilo moja.

Imebaki seti kamili ya springi za mabamba zilizotengenezwa kwa uzito wetu. Australia ndiko kazi hii imekomaa, kwa kuwa gari hili hili ndilo la wakulima na wachimba madini wa huko. Old Man Emu ya kampuni ya ARB, Ironman 4x4, Dobinsons na Tough Dog wote wanapanga springi zao kwa kiwango cha mzigo. Kwa shokapu peke yake kuna pia Koni ya Uholanzi na Bilstein ya Ujerumani. Tumechukua springi za mmoja wa hao wanne wa kwanza. Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu nataka msomaji achukue njia ya kupima. Ukipima gari lako unaweza kuishia kwa mwingine na ukawa sahihi kabisa.

Muuzaji alinipa aina mbili: ya mzigo wa kudumu wa kati, karibu na 5.5 niliyoitafuta, na ya mzigo mzito zaidi, kama 7.5. Alinisukuma kuelekea ile nzito, "ili uwe salama". Nilikataa. Kwa springi ya 7.5, kutoka vifaa vya kudumu hadi mzigo kamili gari lingeshuka milimita 33 tu. Inasikika vizuri, lakini springi ngumu kupita uzito wake haibonyei; badala ya gurudumu kupanda, mkia mzima wa gari unarushwa. Jenereta inarushwa, mabomba yanarushwa, na gurudumu linaacha ardhi. Ekseli ya nyuma ya 79 tayari ni nyembamba kuliko ya mbele kwa kama milimita 95 na haifuati mikondo ile ile iliyochimbwa na magurudumu ya mbele. Mkia unaoruka juu ya hali hiyo ni mkia unaokwenda unakotaka wenyewe.

Julai

Baridi ya asubuhi, vumbi la kutosha, barabara imekauka na mawimbi yake, yale matuta madogo yanayofuatana, yamekomaa. Wakati mzuri wa kuchunguza shokapu za zamani kabla ya kuzitoa.

Baada ya kipande kirefu cha mawimbi tulisimama, nikachukua chupa ya maji na kudondosha tone kwenye kila moja. Ya nyuma kulia ilichemsha tone likatoweka kwa mlio. Ya kushoto tone lilitiririka tu hadi chini, likiacha mstari kwenye vumbi. Watu wengi hudhani iliyo moto ndiyo mbovu. Ni kinyume chake. Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto. Iliyo baridi baada ya barabara kama ile ndiyo imekufa, na ya upande wa pili inabeba kazi ya mbili. Usijaribu kwa kiganja, tumia maji.

Kuhusu aina ya kuweka, tulisita kati ya bomba moja na bomba mbili. Ya bomba moja inapoa vizuri zaidi, kwa kuwa mafuta yako nyuma ya ukuta mmoja tu unaopigwa na upepo, na mafuta hayachanganyiki na gesi yakatoa povu. Lakini pistoni inateleza kwenye ukuta huo huo. Jiwe moja likiubonyeza, pistoni inakwama na shokapu imekwisha. Ya bomba mbili inapata joto zaidi, ila bomba la nje likibonyea, la ndani linaendelea na kazi. Kokoto zetu zinarushwa na magurudumu ya mbele moja kwa moja kwenye shokapu za nyuma. Tumechagua bomba mbili, nene, zenye gesi ya shinikizo dogo, kutoka kwa muuzaji yule yule wa springi, ili nguvu ya kurudi iendane na ugumu wa springi mpya. Joto tutalipunguza kwa mwendo wa dereva na kwa kutoa upepo kidogo kwenye tairi za 7.50R16 tukiingia kwenye mawimbi.

Mbele nimeamua kutobadili koili, yaani springi za kujizungusha. Hapa dereva alihuzunika. Lakini mizani imesema: mbele inatoka 1,220 hadi 1,260, tofauti ya kilo 40 tu, na koili zilizopo zimesimama kwenye kimo chao. Kuinua mbele milimita 50 kwa ajili ya sura kungepunguza pembe ya kasta, ile inayofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona, kwa kama digrii mbili. Ingebidi kununua bushi maalumu za kuirudisha. Halafu kuna bomba la Panhard, linaloshikilia ekseli ya mbele isiende kando. Ukiinua, linavuta ekseli upande mmoja, na unahitaji bomba la kurekebisha urefu. Seti nyingi tunazozipata sisi zinatoka Afrika Kusini, kwenye magari ya usukani wa kulia, ambako bomba hilo limegeuzwa. Mwenye gari la usukani wa kushoto aulize jambo hili kabla ya kulipa. Pia aulize kama seti ina koili ndefu zaidi ya upande wa dereva, maana dereva wao hakai upande anapokaa wetu.

Mbele basi ni shokapu mbili na bushi.

Agosti

Mzigo umefika kwa lori kutoka Johannesburg kupitia Zambia, ukavuka mpaka wa Kasumbalesa. Foleni na makaratasi ya forodha yalikuwa yale yanayojulikana na kila mtu wa mji huu. Niseme tu kwamba orodha ya vitu iwe imeandikwa wazi, kipande kwa kipande.

Kabla ya kufunga tulizipima springi zikiwa chini, juu ya gunia. Unene wa kila bamba kwa kalipa, idadi ya mabamba, umbali kutoka bolti ya katikati hadi jicho la mbele na hadi jicho la nyuma, vyote tukilinganisha na mchoro aliotutumia muuzaji. Jicho la mbele limezungukwa na bamba la pili pia, ili bamba kuu likikatika la pili lishike. Nilifurahi kuliona hilo kwa macho yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nzima. Nitasimulia sehemu chache tu.

Bolti za U za zamani zimetupwa. Hizo hukazwa mpaka zinavutika kidogo, na zikishavutika mara moja hazishiki tena kwa nguvu ile ile. Fundi alitaka kuzihifadhi "kwa siku nyingine". Nilizichukua mwenyewe nikaziweka kwenye chuma chakavu. Bolti za U zikilegea, kinachobaki kushikilia ekseli ni ile bolti ndogo ya katikati, na hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikikatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja na gari linatembea kama kaa.

Bolti za macho ya springi hazikukazwa gari likiwa juu ya jeki. Tuliziingiza, tukashusha gari likasimama kwa uzito wake, tukapakia vifaa vya kudumu, ndipo fundi akalala chini na kukaza. Raba ya bushi ikikazwa springi ikiwa imening'inia, inabaki imejipinda muda wote gari likiwa chini, na inachanika mapema. Jambo dogo, ila ndilo linalotofautisha bushi ya mwaka mmoja na ya miaka mingi.

Kisha breki. Gari hili lina vali inayopima kimo cha nyuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, na inagawa nguvu ya breki kulingana nacho. Mkia ukilala, vali inajua kuna mzigo na inaipa nyuma breki zaidi. Sasa tumeinua mkia. Vali inaona gari tupu wakati lina mamia ya kilo mgongoni, na inaipunguzia nyuma breki. Fundi alipandisha mahali fimbo inaposhikwa kwenye ekseli kwa kiasi kile kile tulichopandisha gari. Tulijaribu kwenye uwanja mpana wa changarawe, mwendo mdogo, kabla na baada. Kabla, magurudumu ya mbele yalikwama mapema na kuchimba mistari miwili mirefu. Baada, gari liliketi chini kwa usawa. Hapo hapo tulikagua mpira wa breki wa nyuma usikaze ekseli ikining'inia. Una nafasi.

Taa tumezishusha upya, ukutani, gereji ikiwa imefungwa milango.

Septemba

Kimo siku ya kufunga, na vifaa vya kudumu: 550. Baada ya safari za kwanza springi zimekaa vizuri na kimo kimetulia kwenye 542. Na mzigo kamili: 497. Tofauti ni 45, kama karatasi ilivyosema. Nafasi juu ya ekseli kwenye mzigo kamili imetoka milimita 25 hadi 82. Nilipima mara mbili kwa furaha.

Kupanda kwa nyuma kunainamisha gari mbele kidogo na kula kasta, lakini milimita 42 juu ya urefu wa 3,180 ni chini ya digrii moja. Usukani bado unarudi wenyewe. Dereva amekubali sasa, na ndiye anayewaeleza wenzake kwa nini mbele haikuguswa.

Bolti za U tumezikaza tena baada ya kilomita za mwanzo, kwa spana ya kipimo. Nati zote nne za kushoto zilikubali kuzunguka kidogo. Hii si dalili ya kazi mbaya. Mabamba mapya yana rangi kati yake, na rangi ikisagika springi inakuwa nyembamba kwa nywele chache. Asiyezirudia ndiye anayekatikiwa na bolti ya katikati.

Kwenye mawimbi ya Mitwaba mkia unafuata pua. Jaribio la tone la maji: shokapu za nyuma zote mbili zina joto, linakaribiana. Vijana wanaokaa nyuma pamoja na mabomba wamesema kitu kimoja tu, kwamba sasa wanaweza kunywa maji gari likitembea.

Novemba

Mvua zimeanza. Kikomo cha uzito cha gari hakijabadilika, na nimekiandika kwa rangi kwenye ukuta wa bodi, kwa sababu tayari mteja mmoja ameuliza kama sasa tunaweza kuongeza mabomba, kwa kuwa "gari halishuki tena". Ekseli ni ile ile, beringi za magurudumu ni zile zile, breki na chesisi pia. Springi mpya zinabeba vizuri uzito ule ule tuliokuwa nao. Nilimjibu mteja kwamba mabomba ya ziada yatakuja safari ya pili.

Mahali palipobonyea kwenye chesisi pamesafishwa, pamekaguliwa kwa rangi ya kuonyesha nyufa, hakuna ufa. Pamepakwa rangi nyeupe ili alama yoyote mpya ya kugongwa ionekane mara moja. Mpaka leo ni peupe.

Kilichobaki kwenye orodha: raba za kikomo za mbele, ambazo zimekauka, na kuosha matope kati ya mabamba ya springi kila tunaporudi, kazi niliyompa kijana wa gereji. Kimo cha nyuma kitapimwa tena mvua zikiisha. Kikishuka chini ya 530 na vifaa vile vile, nitarudi mizani kwanza kuona nani ameongeza nini kwenye masanduku.